Jimu ya Marehemu Shangazi

Jamani, niite hadithi?

*Ita!*

Niite ya kweli au ya uongo?

*Yoyote, bora tucheke!*

Walikuwepo!

*Na wawepo tena!*

Walikuwepo wanyama, na wanyama wakajenga chuo. Msiniulize kama wanyama wanasoma. Mimi nimepika chapati kwenye kantini ya chuo miaka kumi na moja, na nimeona viumbe vya kila aina vikipewa vyeti. Chuo chenyewe kiliitwa Chuo cha Michezo cha Mabondeni, nacho kilitoa walimu wa michezo. Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja tu. Unasimama mbele ya Mkuu wa Chuo, Twiga, unainua chuma chenye uzito wako mwenyewe mara tatu. Ukiweza, wewe ni mwalimu. Ukishindwa, funga virago, rudi kwenu.

Vyuma vilikuwa wapi? Kwenye jimu ya chuo. Na jimu ya chuo ilikuwa ya nani? Ya Kiboko! Zamani mwanafunzi alionyesha kitambulisho akaingia bure. Halafu wakubwa wakaitisha kikao, wakala sambusa, na sambusa zilipoisha jimu ilikuwa imekodishwa kwa Kiboko miaka ishirini.

Kiboko akavaa ufunguo shingoni. Akaweka kiti mlangoni, akakikalia, kwichi! Akatundika ubao wa bei. Kiingilio, kwake. Ada ya mwezi, kwake. Ada ya kioo, kwa anayejitazama misuli. Ada ya jasho, kwa anayelowesha benchi. Ukijumlisha, ilikuwa sawasawa na pesa yote ya kujikimu, ile ambayo wanafunzi waliiita bumu. Basi mwanafunzi achague. Akila, hajafanya mazoezi. Akifanya mazoezi, hajala, na chuma kinamwinua yeye.

Sasa alikuwepo Pimbi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mdogo, mnene kidogo, mkia hana, miguu mifupi kama ya stuli. Mama yake alikuwa ameshayatangazia majabali yote kwamba mwanawe ni mwalimu, tena alishawaahidi wadogo zake Pimbi viatu. Zilibaki wiki tano na siku chache mtihani ufike, na Pimbi alikuwa hajagusa chuma hata kimoja. Aliogopa. Nawaambia aliogopa mpaka chai ikawa haishuki.

Jumatatu akaenda mlangoni, chaka chaka chaka.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Fwuuu! Ada?"

"Sina, mzee. Niingie nusu saa tu."

"Huna, hutoingia."

Jumanne akaenda tena, chaka chaka chaka.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Fwuuu! Ada?"

"Nitafagia, mzee. Nitafuta vioo."

"Ukifuta kioo utajiona. Ada ya kioo iko wapi?"

Jumatano akaenda, chaka chaka chaka, safari hii akajaribu undugu, wapita njia wakisikia.

"Mzee, sisi si watani? Watu wa majabali na watu wa maji, tangu mababu!"

Kiboko akacheka hadi kiti kikalia kwichi kwichi. "Watani sana! Utani tutautania nje. Ndani ni ada."

Pimbi akarudi bwenini kichwa chini. Rafiki yake Digidigi alikuwa anajaribu kunyanyua kitanda, na kitanda kilikuwa kimeshinda.

"Amekataa?" akauliza Digidigi.

"Amekataa. Lakini amekiri mbele ya watu kwamba sisi ni watani."

"Utani utakuinulia chuma?"

Pimbi alikuwa ameanza kutabasamu, na Pimbi akitabasamu meno mawili ya mbele yanatoka kabisa nje, hata ukitaka kuyapuuza huwezi.

Mnaujua utani, nyie? Najua mnaujua, lakini kuna mmoja pale amenitolea macho, basi nimweleze. Ukifiwa, mtani wako anakuja msibani kukuchekesha. Atamwigiza marehemu. Atavaa nguo zake. Atachukua kitu chako, na ukikitaka ukikomboe. Na wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umevunja utani, watakucheka mpaka wajukuu zako.

Alhamisi Pimbi akarudi mlangoni. Hakuomba kitu. Akakaa chini, akashusha pumzi.

"Bumu limetoka leo, mzee."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Limetoka? Mbona hawaji kulipa?"

"Ah, wanafunzi hawa! Ada hawatoi. Wanyama wenyewe ni wagumu. Kitu wasichoweza kukataa ni rambirambi tu."

"Rambirambi?"

"Mwezi uliopita Nungunungu alifiwa na babu. Hata wale wanaokopa chumvi walitoa! Nani atake aonekane hakumchangia mfiwa?"

Kiboko akajikuna shavu. Fwuuu.

"Mimi," akasema polepole, "nina shangazi."

"Mgonjwa?"

"Nyamizi? Ana afya kuliko mimi. Lakini yuko mbali sana. Ziwa la tatu."

"Mzee, mambo ya ukoo wako mimi siyaingilii," Pimbi akasema, akaondoka, chaka chaka chaka.

Ijumaa asubuhi, lo! Turubai mbele ya jimu. Viti vya kukodi. Kiboko amejifunga shuka, analia kwa sauti ya kutikisa madirisha. "Uuuwi! Shangazi yangu Nyamizi! Uuuwi! Aliyenilea! Sanduku la rambirambi liko pale kulia!"

Wanafunzi wakapanga foleni. Wakatoa kidogokidogo, kila mmoja na sura ya huzuni. Hata Twiga akaja, akainamisha shingo yote ile, akatumbukiza bahasha. Kiboko analia jicho moja, la pili liko kwenye sanduku.

Mara ngoma! Ti-ngi-ti! Ti-ngi-ti! Mtani kaingia.

Pimbi alikuwa amevaa kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na amejaza matambara shavuni awe na uso wa kiboko. Akajitupa chini katikati ya turubai.

"Mimi ni Nyamizi!" akapiga kelele. "Nimekufa! Nimekufa kwa sababu mpwa wangu hajanitumia hata kipande cha sabuni miaka tisa!"

Watu kwa kicheko! Ndege kanga wakaanguka kwenye viti. Kiboko akavimba, akafungua kinywa kunguruma.

"Eee!" wote wakasema. "Mfiwa anakasirika?"

Kiboko akameza mate. "Heh heh heh. Watani hawa!"

Pimbi akaruka, akaukwapua ufunguo shingoni mwa Kiboko.

"Huu nimeuchukua, ndiyo haki yangu! Msiba ni wa shangazi, na waombolezaji wa shangazi hawakai juani. Watakaa ndani mpaka arobaini! Mfiwa, ukitaka ufunguo, ukomboe kwa mkungu mmoja wa ndizi."

"Mkungu?" Kiboko akashtuka. "Mzima?"

"Mmoja tu, mzee wangu."

Mkungu mmoja jamani! Angetoa palepale, hadithi ingeishia hapo, na mimi ningeenda kulala. Lakini Kiboko alikuwa bahili mpaka kwenye kucha.

"Sitoi hata ganda!"

"Basi endelea kuomboleza," akasema Pimbi, na mlango ukafunguliwa, kwichiii!

Wakaingia wote. Wakaketi kwenye mabenchi, wakaimba wimbo mmoja wa maombolezo, tena kwa heshima zote. Kisha Digidigi akashika chuma akalia, "Shangazi!" akakiinua. "Shangazi!" akakishusha. Ngaa! Kobe naye akashika chake. "Shangazi!" Ngaa! "Shangazi!" Ngaa! Ukipita nje ungesema ukoo mzima wa viboko umeangamia.

Kiboko akachungulia mlangoni. "Hayo ni mazoezi!"

"Huu ni uchungu," akasema Pimbi. "Kila mtu analia anavyojua. Mfiwa anakasirika?"

"Heh heh heh. Watani hawa."

Wiki ya kwanza Kiboko akaja kuulizia ufunguo. "Sasa ni mikungu miwili," akasema Pimbi. Kiboko akakataa. Wiki ya pili akaja, ikawa minne. Akakataa. Wiki ya tatu akaja, ikawa minane, naye akakumbuka ule mmoja, akalia machozi ya kweli, ya kwanza tangu msiba uanze. Wanafunzi wakamwonea huruma. Wakamwimbia wimbo mwingine, wakainua vyuma vizito zaidi.

Na Pimbi? Siku ya kwanza chuma hakikutikisika. Akalala juu yake akidhani labda kitamzoea. Siku ya kumi kikatikisika. Siku ya ishirini kikafika magotini, na magoti ya Pimbi si mbali, lakini kilifika. Akatoka nje akacheza peke yake uwanjani, kwa furaha tu.

Siku ya thelathini na tano mtihani ukafika. Chuo kizima kikakusanyika. Twiga kakaa mbele na daftari lake. Digidigi akainua. Kobe akainua, ingawa tulingoja sana. Akaitwa Pimbi.

Akashika chuma. Moja! Ngaa. Mbili! Ngaa. Ya tatu chuma kikakwama kifuani, Pimbi mdomo wazi, macho yamemtoka. Ndipo akakusanya pumzi yote ya majabali, akapiga ukelele: "SHANGAZIIII!" Kikaenda juu. Ngaa!

Uwanja ukalipuka. Twiga akasimama, akapangusa macho.

"Tangu niwe Mkuu wa Chuo sijaona wanafunzi wote wamefaulu. Nani amewafundisha?"

"Marehemu, Mkuu," akasema Pimbi kwa unyenyekevu. "Tumefanya mazoezi msibani kwake. Na mzee Kiboko alituambia anataka jimu iwe sadaka ya marehemu. Wanafunzi waingie bure milele, apate thawabu huko aliko."

Kiboko akaruka kutoka kwenye kiti. "Mimi? Nilisema lini? Hakuna sadaka! Hakuna hata mare..."

Akajishika mdomo.

Twiga akashusha shingo, taratibu, mpaka uso kwa uso. "Hakuna nini, mzee? Mimi nilitoa bahasha. Chuo kizima kilitoa. Shangazi amekufa au hajafa?"

Kiboko akatazama kulia. Wanafunzi mia tatu, misuli imewatoka mpaka shingoni. Akatazama kushoto. Mia tatu wengine. Wote wanamtazama bila kupepesa.

"Amekufa," akasema kwa sauti ndogo.

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa."

"Na jimu?"

"Sadaka," akasema Kiboko. "Heh heh heh."

Huko ziwa la tatu Bi Nyamizi alikuwa anatafuna majani, mzima wa afya, akipiga chafya bila kujua nani anamtaja.

Haya, kila hadithi lazima iwe na funzo, la sivyo wazazi watasema nawaharibia watoto. Funzo ni hili: lipa ada yote uliyoandikiwa, usihoji, usidanganye wakubwa, na usifanye mchezo msibani. Pimbi hakufuata hata moja kati ya hayo, na mnaona yaliyompata: ni mwalimu wa michezo, na wadogo zake wote wana viatu.

Nimetua mzigo wangu. Nani aubebe?

*Tutaubeba, lakini bure!*