Mlima wa Mwanjala na Shimo la Mwaroko

Paukwa!

Pakawa!

Nchi ilikuwaje?

Bapa kama jamvi!

Ikafanywa nini?

Tuambie!

Basi sogeeni, acheni kusukumana. Zamani sana, nchi hii yenye milima haikuwa hivi. Ilikuwa tambarare tupu. Ukisimama mlangoni kwako unamtazama ng'ombe wa jirani akienda, akienda, mpaka anakuwa mdogo kama inzi, na hakuna kitu cha kukuzuia macho.

Katika tambarare hiyo, mahali palipoitwa Ndighi, aliishi mzee mmoja jina lake Mwanjala. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe na mbuzi wa kutosha, na mtoto mmoja tu wa kike, Mkawasi. Mkawasi alikuwa ameolewa na Mghanga, kijiji cha Mwaroko, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwa baba yake.

Mwanjala hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa maji. Kila masika mto ulifurika ukaingia nyumbani kwake. Uliingia ukaloweka mahindi. Uliingia ukazamisha ndama. Uliingia ukamtoa kitandani, akapanda darini na kuku wake, akakaa huko mpaka maji yaondoke.

Siku moja, mafuriko yalipopungua, alikuwa akichimba shimo la kusimamisha nguzo upya. Sururu ikazama ardhini, ikashikwa. Akaivuta. Ikavutwa kutoka chini.

"Umenigonga kichwani," sauti ikasema.

Mwanjala aliketi pale pale. Sauti ile hakuisikia masikioni, aliisikia kwenye nyayo. Udongo ukapasuka, kikatokea kichwa kikubwa kama ghala, ngozi imepasukapasuka kama tope lililokauka juani, na nywele zake ni changarawe. Lilikuwa Zimwi. Si yale mazimwi ya msituni yanayowinda watoto. Hili lilikuwa Zimwi la chini ya nchi, lile linalolala chali, na nchi yote imelilalia kifuani.

Zimwi likataka kujua kwa nini anatoboa toboa. Mwanjala akaeleza habari ya mafuriko. Zimwi likasikiliza mpaka mwisho, kisha likasema linaweza kumwinua, yeye na nyumba yake na zizi lake, maji yasimfikie tena.

Mwanjala akauliza malipo. Alikwisha kujiandaa kusikia ng'ombe wote, au mtoto. Zimwi likasema halitaki ng'ombe wala mtoto. Huko chini limebanwa, likasema, limelala hivyo hivyo tangu dunia ianze. Likichota udongo na kuutoa juu, litapata pa kujinyoosha, na hilo linalitosha.

"Ila neno moja," likasema. "Usiniulize ninachota wapi. Siku utakayoniuliza nitakujibu, kwa maana sijui kusema uongo. Na siku hiyo kazi imekwisha."

Mwanjala akaona hilo ni jambo dogo. Akakubali.

Zimwi likazama. Mwanjala akasikia wimbo chini ya nyayo zake:

*Nachota huku, namwaga kule.*
*Nachota huku, namwaga kule.*
*Inuka, nchi, inuka.*

Nchi ikainuka. Iliinuka taratibu, kama mama anavyomnyanyua mtoto aliyelala asimwamshe. Maji ya mtungini hayakumwagika. Kuku aliyekuwa akiatamia hakuondoka kwenye mayai. Ilipotulia, nyumba ya Mwanjala ilikuwa juu ya kilima, na majirani wamesimama kule chini, vinywa wazi. Walikuwa hawajaona kilima maishani mwao. Hata jina la kitu hicho hawakuwa nalo.

Masika yakaja. Mto ukafurika, ukazunguka chini ya kilima, ukapita. Mwanjala akalala pakavu. Mambo yangeishia hapo, ingekuwa heri.

Lakini majirani nao walianza kupanda na mbuzi wao wakati wa mafuriko, wakajazana uani kwake. Mwanjala akaona kilima ni kidogo. Akashika sururu, akagonga ardhi, akaomba aongezwe. Zimwi halikuuliza kwa nini.

*Nachota huku, namwaga kule.*
*Nachota huku, namwaga kule.*
*Inuka, nchi, inuka.*

Nchi ikainuka. Kilima kikawa mlima, na mbuzi wa majirani hawakuweza tena kuupanda.

Sasa twende Mwaroko, kwa Mkawasi.

Mkawasi alikuwa akisaga mtama, akaona unga unateremkia upande mmoja. Akaweka kijiwe chini ya jiwe la kusagia, lilale sawa. Kesho yake likainama tena. Mlango wa nyumba ukagoma kufunga. Maji ya kisima yakaanza kutoka ya uvuguvugu, yananuka kama yai viza. Panya wakahama mchana kweupe, na nyoka wakawafuata nyuma, wala hawakuwagusa. Watu wakatazama, wakatikisa vichwa, wakasema ni joto la mwaka huu. Mama mkwe wake, Bi Wawuda, akasema nyumba ni ya zamani, itakuwa mchwa.

Siku moja adhuhuri, jua likiwa kali, Mkawasi alimlaza mtoto wake sakafuni penye ubaridi, naye akajilaza kando yake, sikio kwenye udongo. Akasikia wimbo.

*Nachota huku, namwaga kule.*

Akadhani ni usingizi. Akamwangalia mtoto. Mtoto alikuwa macho, ametulia kabisa, anaisikiliza sakafu.

Mkawasi akaweka sikio tena sakafuni. Akauliza, "Wewe ni nani, na unamchotea nani?"

"Namchotea Mwanjala wa Ndighi," sakafu ikajibu.

"Mwanjala ni baba yangu. Acha."

"Hukuniagiza wewe. Aliyeniagiza akiniuliza ninachota wapi, hapo nitaacha."

Basi Mkawasi hakungoja mtu. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka kwenye jua lile lile. Alitembea mpaka Ndighi, akaupanda mlima, akamkuta baba yake amekaa kwenye kigoda anatazama nchi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona umeloa jasho hivyo?"

Akamweleza yote, jiwe la kusagia, kisima, panya, na wimbo. Mwanjala alisikiliza bila kumtazama usoni. Alipomaliza, Mkawasi akachukua sururu iliyoegemezwa ukutani, akamwekea miguuni.

"Gonga, baba. Uulize."

"Nikiuliza, kazi itakwisha."

"Ndiyo maana nakuomba uulize."

"Na mlima ukirudi chini, je? Ng'ombe wangu wote wako huku juu."

Mkawasi alirudi nyuma hatua moja. Hakuwahi kufikiri angemwona baba yake akipima namna ile, mlima upande huu na yeye upande ule, na akikawia kujua kipi kizito. Akamwambia tena aulize. Akamwambia mara ya tatu. Mwanjala akasema binti yake ana wasiwasi tu wa mama mwenye mtoto mchanga. Akasema yeye ameridhika, hataagiza tena, na Mkawasi arudi kwake apumzike. Mkawasi akateremka bila kuaga, na hiyo haikuwa desturi yake.

Kulipokucha alichukua mchi wa kutwangia akaenda nao katikati ya kijiji cha Mwaroko. Watu wakamzunguka. Akaunyanyua mchi, akaupiga chini.

*Ndu.*

Ulikuwa mlio wa ngoma. Mzee wa kijiji akampokonya mchi, akasogea mpaka karibu na kisima, akapiga mwenyewe. *Ndu.* Akaenda mpaka zizini, akapiga. *Ndu.* Mzee yule akauweka mchi chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. Walikuwa wamejenga juu ya uwazi.

Ndipo watu wakaanza kuondoka. Walibeba watoto, walibeba mbegu, waliswaga mifugo, na wote walikanyaga kwa vidole. Bi Wawuda peke yake alikataa. Marehemu mume wake alizikwa nyuma ya nyumba ile.

"Mama, twende," Mkawasi akamwambia.

"Nimwache baba yake Mghanga na nani? Tangulizeni mtoto. Nitakuja nyuma."

Mghanga alijaribu kumbeba, mama akaushika mwimo wa mlango akakataa kuuachia. Basi Mghanga akamtoa kwanza mke na mtoto, akisema akiwafikisha salama atarudi kumchukua mama yake, apende asipende.

Asubuhi hiyo hiyo, kule mlimani, Mwanjala aliamka akaikuta sururu pale alipoiweka Mkawasi. Akaitazama. Alikuwa amejiambia ameridhika. Sasa akajiambia mara moja tu zaidi. Mlima ukifika mawinguni, akajiambia, utakinga maji ya mvua, na yeye atayagawa kwa watu wote, Mwaroko pia. Akagonga, akaagiza.

*Nachota huku, namwaga kule.*
*Nachota huku, namwaga kule.*
*Inuka, nchi, inuka.*

Nchi ikainuka mpaka mawingu yakapita usawa wa kiuno chake. Akaiona nchi yote, mwanzo wake na mwisho wake. Akatazama upande wa Mwaroko.

Mwaroko ilikuwa imebonyea, kama godoro mtu anapoinuka. Ukingoni mwake palikuwa na msururu wa watu wadogo kama siafu, mizigo vichwani. Hakuweza kujua nani yuko ndani na nani yuko nje.

Akashika sururu, akagonga ardhi, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto. "Unachota wapi?"

"Chini ya nyumba ya mwanao," Zimwi likasema. "Hapo ndipo nilipoanza, udongo wake ni laini. Sasa umeniuliza. Kazi imekwisha."

Likaachia mikono iliyokuwa ikishikilia dari ya uwazi ule.

Mwaroko ikaondoka. Mwanzo hapakuwa na kishindo. Nyumba, miti, zizi, kisima, vyote vilishuka pamoja, vimesimama wima vile vile, kama sinia linaloteremshwa. Watu waliokuwa ukingoni waliona mapaa yakipita chini ya macho yao. Ndipo kishindo kikaja, wakaanguka wote.

Nchi ililiangukia Zimwi kifuani. Pumzi yake ikakosa pa kutokea, ikafuata njia ile ile lililokuwa likimwagia udongo. Kilele cha mlima wa Mwanjala kikapasuka. Ukatoka moshi, ukatoka jivu, kisha ukatoka moto mzito kama uji unaofurika chunguni, ukateremka polepole bila haraka yoyote. Ulichukua nyumba. Ulichukua zizi. Ulichukua ng'ombe mmoja mmoja, na Mwanjala aliwasikia wote, kwa maana alikuwa akikimbia upande wa pili wa mlima, jivu likimwagikia kichwani.

Alikimbia mpaka Mwaroko. Mahali pa Mwaroko palikuwa na shimo, na upande wa pili wa shimo hauonekani vizuri kwa vumbi.

Watu walikuwa wameketi ukingoni. Hakuna aliyekuwa akilia. Walikuwa hawajafika kwenye kulia. Mghanga alikuwa njiani kumrudia mama yake nchi ilipokatika mbele ya vidole vya miguu yake. Sasa alisimama pale pale akiita, "Mama," ananyamaza, anasikiliza, anaita tena.

Mkawasi alimwona mtu mweupe wa jivu akija, asimjue mpaka aliposema.

"Nimeuliza," Mwanjala akasema.

"Jana nilikuomba uulize."

"Jana nilikuwa nalijua jibu."

Mkawasi akainua kichwa.

"Nalijua tangu mara ya pili," mzee akasema. "Kila asubuhi niliutazama moshi wa jiko lako, na kila asubuhi ulitokea chini zaidi. Nikajiambia ni ukungu."

Mkawasi hakupiga kelele. Alimtazama baba yake kama mtu anayeamka na kukuta mgeni amekaa kitandani kwake. Kisha akamgeuza mtoto asimwone babu yake.

Mghanga ndiye aliyesema. Alikuja, akamshika mzee mkono, akamketisha ukingoni kabisa, miguu ikining'inia. "Kaa hapa," akamwambia. "Ulitaka kuona mbali. Anza kuona hapa."

Na Mwanjala akakaa.

Mvua zikanyesha, mwaka huu na mwaka ule. Zikakingwa na mlima kama Mwanjala alivyojiambia, zikateremka, zikajaza shimo. Likawa ziwa la maji ya kijani, lisilo na mto wa kuingia wala wa kutoka. Moto uliotiririka ukapoa, ukawa mawe meusi, na baada ya vizazi ukawa udongo mweusi unaootesha ndizi. Watu wa Mwaroko walijenga upya kandokando ya ziwa, wakampa Mwanjala kibanda. Mkawasi alimpelekea chakula kila siku, akakiweka mlangoni, akaondoka. Ilichukua miaka kabla hajaingia ndani na kuketi naye, na siku hiyo hawakuzungumza.

Zimwi halikufa. Liko chini, limelaliwa, na mara nyingine linajaribu kugeuka ubavu. Mkisikia vyombo vinagongana kabatini na hakuna aliyevigusa, ndilo hilo.

Wageni walipopita, waliusifu mlima ule mrefu mbele ya mzee Mwanjala, wasijue ni wake. Yeye aliwashika mabega, akawageuza walitazame ziwa.

"Na hili mlisifu," akawaambia. "Ni udongo ule ule. Umekosekana hapa, umekaa pale."

Hadithi yangu imekomea ukingoni pale, wala haina pengine pa kwenda. Mtu akikuinua, muulize amechota wapi. Uulize mapema. Na kama jibu unalijua tayari, usijifanye hulijui.