Kioo Kilichoagizwa

Mtu mmoja alikuwa na gari dogo jeupe, na alilipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokipata utu uzima umeshaingia. Jina lake Mashauri. Alilifungia alamu inayolia hata paka akirukia boneti. Akanunua chuma cha kufungia usukani. Akamwita fundi achore namba ya gari kwenye kila kioo na kila taa, ili mwizi akiiba asipate pa kuuza. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Nyasatu, mkunga mstaafu ambaye naye alikuwa na gari jeupe la aina ile ile, akafuata mfano wake na kumwita fundi huyo huyo. Watu wa mtaa walipoona uangalifu wa Mashauri, wakamchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi.

Jumatano moja, akitoka nyumbani kinyumenyume, Mashauri aligonga nguzo ya geti lake mwenyewe. Kioo cha pembeni cha upande wa kulia kikapasuka pamoja na ganda lake. Hapakuwa na wa kulaumiwa ila yeye. Akaokota vipande, akaenda dukani. Wakamwambia kioo kipya kitafika baada ya wiki mbili, na bei yake haikumpendeza. Basi akaenda kwenye uchochoro wa vipuri vilivyotumika, nyuma ya soko.

Muuzaji alikuwa mchangamfu. Alilizunguka gari, akauliza mwaka wake, akaipapasa rangi kwa kidole.

"Nyeupe hii hii, mzee wangu? Leo sina. Njoo kesho saa nane."

"Kesho utakuwa umekipata wapi?"

"Aa, baba! Unataka kioo au unataka historia ya kioo?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na Mashauri akacheka nao. Swali lake lilikuwa zuri. Hakuliuliza mara ya pili.

Alhamisi asubuhi alamu ikalia mtaani. Lilikuwa gari la Mama Nyasatu, limeegeshwa mbele ya nyumba yake. Mashauri alitoka mbio akawa wa kwanza kufika, kama ilivyompasa mwenyekiti. Mwizi alikwisha kwenda, na kioo cha kulia kimekwenda naye. Mtu pekee aliyeonekana karibu alikuwa Lusekelo, mwosha magari, akija na ndoo ya maji. Akasema hakuona mtu, alikuwa bombani.

"Bombani!" akadakia Kisanduku, mwenye duka la mchele. "Kila kitu kikipotea, wewe uko bombani. Bomba hilo litakuwa limekuoa."

Watu wengine wakaunga mkono. Ikaamuliwa kwamba kamati ikae Jumapili saa kumi, na kama Lusekelo hatamtaja mwizi, aondoke mtaani asirudi. Lusekelo alikuwa ameosha magari pale kwa miaka tisa. Hapakuwa na mtaa mwingine uliomjua hata kwa jina.

Saa nane mchana Mashauri akaenda uchochoroni. Kioo kilikuwapo, kimeviringishwa kwenye gazeti. Mahali pa namba palikuwa pamekwanguliwa. Moyo wake ukamwambia jambo, naye akaujibu moyo wake kwamba magari meupe ni mengi. Akalipa, akaondoka.

Jumamosi alikipeleka kwa fundi wake wa kuchora namba, ili kiwe chake kabisa. Fundi akakiinamisha kuelekea juani. Palipokwanguliwa pakaonekana kivuli cha herufi na tarakimu, hafifu kama kovu la zamani. Fundi akashusha kifaa chake bila kukiwasha.

"Saba yenye mkia uliopinda hivi, mjini hapa naichora mimi tu," akasema. "Hii ni kazi yangu, na gari ni la Mama Nyasatu. Sasa, mwenyekiti, nimfute nani ili nimwandike nani?"

Mashauri akakichukua kioo, akarudi nyumbani kwa mwendo wa pole.

Aliwaza njia zote. Angeweza kukitundika kwenye geti la Mama Nyasatu bila kuonekana, na mama yule angepata haki yake. Lakini watu wangesema Lusekelo ameogopa ndipo akakirudisha, na wangemfukuza wakiwa na uhakika zaidi. Angeweza kukizika, akangoja wiki mbili za dukani. Lusekelo angefukuzwa vilevile. Kila njia iliyolisitiri jina la Mashauri ilipita juu ya mgongo wa mtu mwingine. Alipoliona hilo aliacha kutafuta njia.

Jumapili saa kumi watu walikutana katika darasa la chekechea, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamewafika vifuani. Lusekelo alikuja vitambaa vyake vyote vimekwisha kufungwa ndani ya ndoo. Hakuwa na neno jipya la kuwaambia.

"Haya, mwenyekiti, tusipoteze muda," akasema Kisanduku. "Mpe ruhusa aende salama."

Mashauri akasimama. Akafungua gazeti, akakiweka kioo mezani mbele ya wote.

"Aliyekichomoa simjui," akasema. "Aliyemtuma ni mimi."

Akaeleza yote, kuanzia nguzo ya geti hadi mkono wa fundi, bila kujipunguzia. Kisha akamgeukia Lusekelo, akamwomba radhi mbele ya watu, na kuwataka wamchague mwenyekiti mwingine.

Mama Nyasatu alikitazama kioo, halafu akamtazama yeye. "Na ndiwe uliyekuja mbio, jirani," akasema.

Mashauri alingoja matusi, lakini hayakuja. Kisanduku alikuwa ameinamisha kichwa, kwa maana taa ya nyuma ya gari lake nayo ilikuwa imekwanguliwa namba, na kila mtu pale aliwahi kuiona. Mwingine akakumbuka redio yake ilikotoka. Mwingine akakumbuka betri. Mmoja mmoja walinyanyuka kwenye vile viti vidogo, wakatoka bila kuagana, na jioni ile Lusekelo aliosha magari matatu.

Mwizi mwenyewe hakukamatwa. Lakini tangu siku ile watu wa mtaa ule waliacha kwenda uchochoroni, na tangu waache, hakuna gari lao lililopoteza hata kifuniko cha gurudumu. Basi, enyi wenye magari na msio nayo, mwizi yule alikwenda wapi?