Tovuti ya Marehemu Atuganile

Sogeeni karibu. Nina kesi iliyonishinda, na sitaki kuibeba peke yangu.

Huko Tukuyu walikuwapo watu watatu waliofiwa na mtu mmoja. Anyitike, mume wa marehemu, alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Lusekelo, mdogo wa marehemu, alijua kompyuta na hakuchoka kufuatilia jambo. Bupe, rafiki wa marehemu, alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na wazazi walimwamini.

Marehemu aliitwa Atuganile. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na kabla ugonjwa haujamchukua alianzisha tovuti iitwayo Mshipa. Mzazi ambaye mtoto wake anahitaji damu haraka aliifungua, akaona mtoaji gani anaishi karibu, akampigia simu.

Sasa, jina la tovuti halinunuliwi mara moja likaisha. Hulipiwa kila mwaka kwa kampuni inayolisajili. Baada ya msiba, Lusekelo alilihamishia kampuni nyingine, likabaki kwa jina la marehemu. Ada ya kuhamisha ilikuja na mwaka mmoja, ukaongezwa juu ya miezi iliyokuwa imebaki. Wote wakatulia.

Kumbe kila mmoja aliacha kitu. Anyitike alidhani kadi yake ya benki inaendelea kukatwa kama zamani, lakini agizo la kukata kadi lilibaki kampuni ya kwanza, likafa siku jina lilipohama. Lusekelo aliona kampuni mpya inataka kadi iandikwe upya. Alisema atamwambia shemeji yake, hakumwambia. Na ilani zote zilikwenda kwenye barua pepe ya Atuganile, ndani ya simu ambayo mama wa marehemu alimpa Bupe iwe kumbukumbu. Bupe aliifunga kwenye kanga. Hakuwa na moyo wa kuiwasha.

Jumanne moja ya Machi, mama mmoja aitwaye Sekela alimshika Bupe mkono wodini.

"Sista, Mshipa haifunguki."

"Jaribu tena, mama."

"Nimejaribu tangu alfajiri."

Bupe alimpigia kila aliyemkumbuka. Mtoaji alipatikana, akafika saa nane mchana. Mtoto wa Sekela alikuwa amefariki saa sita.

Bupe alirudi nyumbani, akafungua ile kanga, akawasha simu ya rafiki yake huku analia. Alikuta ilani nne. Ya mwisho ilisema muda wa jina umekwisha, na lisipokombolewa ndani ya siku sita litauzwa kwa yeyote. Bila yeye, hakuna ambaye angejua.

Kampuni ilikataa kuzungumza na mtu asiye mmiliki. Lusekelo alichukua cheti cha kifo na barua ya mtendaji wa kata, akaandika, akapiga simu, akarudishwa, akaandika tena. Siku ya tano walimkubali. Bila yeye, mlango usingefunguka.

Ikabaki kulipa: faini ya kukomboa jina, na juu yake ada ya mwaka kwa bei ya kampuni mpya. Anyitike aliuza mabati aliyonunua na mkewe kwa ajili ya nyumba ambayo hawakuwahi kuijenga. Bila yeye, jina lingekwenda.

Siku ya sita Mshipa ikafunguka. Hakuna aliyeshangilia.

Kisha kampuni ikaandika: jina lisajiliwe kwa mtu mmoja aliye hai. Huyo ndiye atakayepokea ilani, na akitaka kulihamisha au kuliacha life, ni yeye tu. Wakaenda kwa mama wa marehemu.

"Mama, mimi ndiye mumewe," alisema Anyitike. "Nimetoa hata paa letu."

"Na mimi nilianza naye tangu siku ya kwanza," alisema Lusekelo.

Bupe alisema polepole, "Mimi ndiye ninayewaona watoto wenyewe."

Wakati huo Sekela, aliyekuwa amemfuata Bupe, aliingia, nguo za msiba bado mwilini. Alikuwa amesikia yote kutoka barazani.

"Niandikeni mimi," alisema. "Sina fedha na kompyuta siijui. Lakini kati yenu hakuna atakayeiogopa tarehe ya kulipia kama mimi."

Mama wa marehemu aliniletea karatasi ya kampuni, nimsaidie kujaza, na sehemu ya jina mpaka leo iko wazi.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: kalamu mngeiandikisha jina la nani?