Kutafuna ni Darasa la Nne

"Ngano naileta."

"Ilete."

"Ina makapi."

"Pepeta, tule punje."

Siku ya mkutano walikuwapo hawa. Alikuwapo Ngiri. Alikuwapo Nungunungu. Alikuwapo Kobe, aliyeanza safari kabla mkutano haujaitishwa. Alikuwapo Nguchiro, si Kicheche, hao ni wawili mbalimbali, msiwachanganye. Alikuwapo Mhanga, ambaye wengine humwita Kukukifuku, lakini jina lake ni Mhanga. Na alikuwapo Fisi, mkuu wa Chuo cha Visima, aliyetaka aitwe Mwalimu hata na mkewe.

Sasa nieleze sababu ya mkutano.

Mhanga alikuwa mchimbaji tangu utoto. Ngiri alilala katika shimo lililochimbwa na Mhanga. Nungunungu alilala katika shimo lililochimbwa na Mhanga. Nguchiro na wanawe walilala katika shimo lililochimbwa na Mhanga. Hata Fisi alilala katika shimo lililochimbwa na Mhanga, ila yeye aliliita nyumba ya serikali.

Lakini kisima si shimo la kulala. Mhanga alichimba kisima, kwaru, kwaru, kwaru, maji yakatoka. Kulipokucha ukuta ukaanguka, porororo. Akachimba kingine, kwaru, kwaru, kwaru, kulipokucha, porororo. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na watoto wa Nguchiro walikuwa wakilamba umande kwenye majani. Kilichomshinda Mhanga ni kujengea mawe ili ukuta usimame. Kazi hiyo ilifundishwa chuoni, katika darasa la nne. Madarasa yote ya chini yake yalikuwa ya kuchimba. Kila darasa lilikuwa mwaka mzima, na karo ya kila mwaka ilikuwa chakula cha Fisi. Na Mhanga alikuwa mzee.

Akaenda chuoni.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu. Unajua nini?"

"Kuchimba. Naomba niingie darasa la nne, la mawe."

"Kuchimba nani kakufundisha?"

"Mama."

"Mama hana chuo. Kaanze darasa la kwanza, na usije mikono mitupu."

Akarudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu. Kuchimba nani kakufundisha?"

"Ni yuleyule mama."

"Basi ni lilelile darasa la kwanza."

Alipokwenda mara ya tatu, Nguchiro alimkuta njiani akirudi, ameinamisha pua.

"Babu, amesemaje?"

"Amesema mama hana chuo."

"Nawe ukamjibuje?"

"Nikamwambia mama ni marehemu. Akanipa pole, kisha akanirudisha darasa la kwanza."

Nguchiro akacheka kidogo. "Niachie mimi, babu."

Ndipo akaitisha mkutano. Akapika chungu cha supu ya makongoro. Ilikuwa miguu ya nani, msiniulize. Akakifunika, akamkalisha Kobe juu ya kifuniko. Nungunungu akakaa mbele ya chungu, mgongo kwa Fisi.

"Mwalimu," akasema Nguchiro, "supu hii ni yako peke yako. Ila kwanza tukumbushe sheria ya chuo. Sisi ni wajinga, na mjinga husahau."

Harufu ilikuwa imekwisha kumfika Fisi. Akasema upesi, "Alichofundishwa mtu na mama yake hakihesabiwi."

"Hakihesabiwi," wakaitikia wote.

"Na mkubwa je, Mwalimu?"

"Sheria haina mkubwa. Funua chungu."

"Nafunua. Ila kula, nani kakufundisha?"

"Swali gani hilo, mwanangu? Mama."

"Mama hana chuo," akasema Nguchiro.

"Hakihesabiwi," wakaitikia wote.

Fisi akafumbua kinywa ajibu. Likajibu tumbo: ngurururu.

"Usihuzunike, Mwalimu. Utaanza darasa la kwanza la kula, ambalo ni kunusa. Darasa la pili ni kumeza mate. La tatu, kulamba upawa. Haya, nusa."

Fisi akanusa.

"Amefaulu," akasema Nguchiro. "Mwakani atameza mate."

"Mwakani!" Fisi akasimama. "Nitawatafuna nyote."

"Kutafuna ni darasa la nne, Mwalimu."

Nungunungu akasimamisha miiba yake, cha-cha-cha. Fisi akaitazama miiba, akakitazama chungu, akaketi.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo, "alichofundishwa mtu na mama yake kihesabiwe."

"Mtu gani?"

"Mimi."

Kobe akajitengeneza vizuri juu ya kifuniko. Tumbo likasema ngurururu.

"Mtu gani, Mwalimu?"

"Mtu yeyote. Lakini aoneshe kwanza."

"Hilo ni haki," akasema Nguchiro. "Babu, onesha."

Mhanga akainama. Kwaru, kwaru, kwaru, udongo ukaruka, mkia ukapotea. Wakangoja. Akatokea nyuma ya Fisi, akapiga chafya, akasema, "Hodi, Mwalimu."

Fisi akameza mate, ingawa halikuwa darasa lake. "Karibu darasa la nne," akasema. Kobe akateremka. Akateremka kwa mwendo wake, na sitasimulia Fisi alivyoteseka.

Mhanga akasoma kujengea mawe. Alikuwa mzito wa kujifunza. Aliyapanga mawe vibaya, yakaanguka, akayapanga tena. Na kwa kuwa haki yake mtu apewe, Fisi alimfundisha vizuri, maana alikunywa maji yaleyale na wote. Kisima kikachimbwa, kikajengewa, ukuta ukasimama. Kulipokucha, watoto wa Nguchiro walikunywa hadi matumbo yakawa ngoma.

Funzo la ngano hii, watoto, ni hili: msijifunze kitu chochote kwa mama zenu. Hata kijiko msikishike mpaka mpate chuo.

Nimepepeta: punje zenu, makapi yangu.

Wale niliowataja mwanzoni wote wapo, isipokuwa Mhanga. Mhanga amekufa kwa uzee; kisima chake kipo.