Sauti Zilizoibwa Kichwani mwa Mpiga Udi

Mji wa Marijani, wenye milango ya shaba na mitaa inayonukia ubani, ulimpata sultani mpya, Ghalibu bin Faraji, mtu mwadilifu lakini mwepesi wa nadhiri. Na desturi ya Marijani ni kwamba sultani hatawazwi mpaka upigwe mpigo wa kiti, muziki wa udi mrefu na mgumu, na aliyebaki akiujua alikuwa kijana mmoja tu, Shaibu mpiga udi. Basi Sultani akaapa kuwa Shaibu akiupiga bila kosa ataozwa Ruzuna, dada yake Sultani, na akikosea atakatwa kichwa. Shaibu akakubali palepale, kwani yeye na Ruzuna walipendana zamani.

Waziri Jabali, aliyemtaka Ruzuna kwa mwanawe, roho ilimuuma. Alikuwa na pete, na ndani ya pete jini aitwaye Kafuri, na adhuhuri ya siku ya kutawazwa, Shaibu akiwa amejinyoosha kidogo na kusinzia, Waziri akaisugua pete na kumwamuru jini akaibe muziki wote kichwani mwa kijana. Kafuri akapenya sikioni, akazoa kila sauti, nzito na nyembamba, akazifungia katika chupa.

Shaibu akaamka, akasikia kimya. Tangu utotoni nyimbo zilikuwa zikimpita kichwani hata akila, na sasa hakuna kitu! Akautafuta mpigo wa kiti, hakuupata; akautafuta hata wimbo aliobembelezewa na mamake, nao haupo. Na kabla hajapata la kufanya askari wakaja kumchukua.

Barazani Waziri akamnong'oneza Sultani kuwa jua ni kali, heri mpigo uanzie katikati. Sultani akaridhia. Shaibu akaiweka risha, unyoya wa kupigia, juu ya nyuzi, na vidole vikagoma, vimeganda kabisa. Watu wakaguna, na mwenye upanga akasogea. Ruzuna, nyuma ya pazia, akajiziba mdomo.

"Maulana," akasema Shaibu, "hata siku nilipokuwa mzima sikuweza kuanzia katikati. Sisi wapigaji hurudi mwanzo. Niruhusu nirudi mwanzo, kisha shingo yangu ni yako."

Akaruhusiwa. Akafumba macho, akaacha kutafuta, akakishusha kidole cha kwanza mahali kilipozoea. Na kidole hicho kikakiita cha pili, na mkono wa kushoto ukauita wa kulia, na udi ukalia mpigo wa kiti mzima mpaka mwisho bila kosa, na aliyeduwaa kuliko wote alikuwa Shaibu mwenyewe, maana hakujua ni sauti gani inayofuata.

Mara moshi ukafuka katika pete ya Waziri, na Kafuri akasimama mbele ya watu, chupa mkononi, ameshindwa kuivumilia ajabu ile.

"Maulana, nimetumwa na huyu Jabali kuiba, na nimeiba," akasema. "Sauti zote ninazo humu. Nilidhani zimepangwa kichwani kama vyombo kabatini. Kumbe aliyonayo ni njia ya kutoka moja kwenda nyingine, na njia hiyo imeenea mpaka vidoleni. Nimewahi kuiba hazina za wafalme saba, lakini hii sikujua pa kuishika."

Akaifungua chupa mbele ya baraza, zikatoka kelele tupu, zikapotea hewani. Jabali akavuliwa uwaziri na pete, Kafuri akapewa uhuru wake, na Shaibu akaozwa Ruzuna kwa karamu ya siku saba, akapewa nyumba na mashamba.

Lakini zile sauti hazikurudi kichwani mwake. Usiku wa harusi Ruzuna alipomwomba aupige ule wimbo wa mamake, akapiga, na akausikia kama mgeni asikiavyo, mara ya kwanza katika maisha yake, akalia mbele yake bila haya. Basi enyi wasikilizaji, mali ichungeni kwa makufuli, lakini mlichojifunza kwa kurudia na kurudia, hicho msikihofie mwizi.