Ukimpa Mgeni Jembe

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye njaa, na hali mmekula ugali wangu wote. Na wewe uliyejifunika gubigubi, nakuona. Itikieni vizuri au nikalale zangu.

Paukwa!

Pakawa!

Ehe, hapo sawa.

Zamani, zamani hasa, kabla chuma hakijajulikana, jembe likiwa la mti na shoka likiwa la jiwe, palikuwa na kijiji cha wakulima. Walilima mtama. Walilima ulezi. Walifuga mbuzi wachache, wakorofi kama wa kwenu. Nyumba zao walijenga kwa miti na udongo. Masika kali ikija, nyumba chini. Wakajenga tena, wala hawakujali.

Lakini wafu wao waliwajengea kwa mawe.

Kwa nini? Usiniharakishe. Walisema hivi: aliye hai ana mikono, nyumba ikimwangukia atajenga nyingine. Mfu atajenga na nini? Basi mababu zao wakaburura mawe makubwa, mapana kama milango, wakayapandisha kilimani. Waliyafunga kwa kamba za magome, wakayalaza juu ya magogo, wakavuta. Kwaruu! Kwaruu! Wanaume wakavuta, wanawake wakavuta, wenye mimba wakaimba:

Jiwe, twende!
Twende!
Jiwe, kwa wazee!
Twende!

Wakayasimamisha mawe, yakawa kuta. Wakalaza jiwe moja juu, likawa paa. Wakaacha mlango mdogo upande wa macheo, nao wakauziba kwa jiwe. Hiyo ndiyo Nyumba ya Mawe. Kila aliyekufa aliingizwa humo, na waliotangulia wakasogezwa kidogo wampishe, kama nanyi mnavyosogeana kitandani akija binamu.

Aliyewasogeza alikuwa mtu mmoja tu, Bibi Masika. Wengine waliishia mlangoni, ndani hawakuthubutu. Bibi Masika alikuwa mfupi, mgongo umepinda, na ulimi wake mkali kidogo. Lakini hakuingia mle bila kubisha.

"Hodi, wazee wangu. Ni mimi tena. Nimewaletea mwenzenu, jisogezeni."

Akafagia. Shwa, shwa, shwa. Akasogeza hawa, akasogeza wale, akatoka.

Sasa basi. Mwaka mmoja wa ukame akaja mwanamke, jina lake Mwanatabu. Mgongoni ana mtoto, mkononi ana kibuyu cha mbegu. Kwao kumekauka, mume amemfia njiani. Wakampokea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakampa jembe, naye akalima. Alilima huyo mama, usiombe! Alipanda nao, akapalilia nao, akavuna nao, akala nao. Na mwanawe Tunu alibebwa na kila mgongo ulioinama shambani.

Mvua zikarudi. Homa ikaja nazo, ikamchukua Tunu.

Ndiyo, alikufa. Hata mimi inaniuma, na nimeisimulia miaka mingi.

Mwanatabu akamviringisha mwanawe katika ngozi ya mbuzi, akambeba kifuani, akapanda kilima. Kijiji kizima nyuma yake. Walipofika, wakamkuta Mzee Machano amesimama mbele ya mlango wa mawe. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia mapema. Mama yake mzazi alilazwa mle, na alimpenda mama yake mno.

Akasema, "Mwanatabu, pole sana. Sote tumefiwa. Lakini humu wamo wenye kijiji. Upande wa kulia ni ukoo wangu, wa kushoto ni ukoo wa kina Kitundu, kule nyuma ni waanzilishi. Kila mtu kwao. Wako tumlaze upande gani?"

"Popote, mzee wangu."

"Hapana popote. Mifupa ya mgeni ikichanganyika na ya kwetu, mama yangu ataishije na watu asiowajua?"

"Mzee wangu, mlinipa jembe."

"Jembe tulikupa. Nyumba ya Mawe hatukukupa. Kule bondeni pana udongo laini, tutakusaidia kuchimba."

Bondeni ndiko walikokuwa fisi. Kila mtu alijua. Watu wakatazama chini. Mwanatabu akamkaza mwanawe kifuani, akasema polepole, "Baba yake nilimwacha peke yake njiani. Na huyu nimwache peke yake?"

Akalia. Wanawake wakalia naye, lakini hakuna aliyesogea mlangoni.

Bibi Masika alikuwa ameketi pembeni, anahema kwa ajili ya kile kilima. Akashika mkongojo wake, akainuka.

"Machano."

"Naam, Bibi."

"Umesema kweli. Mifupa isichanganyike."

Watu wakashangaa. Hata Mwanatabu akainua uso.

"Basi ingia umtoe mama yako kwanza," akasema Bibi. "Mtafutie mahali pake, asiguswe na mtu. Kisha tutamwingiza mtoto."

"Niingie mimi?"

"Mama ni wako. Au niingie mimi, nikutolee wa mwingine?"

Mzee Machano akaondoka mlangoni. Vijana wakaviringisha jiwe la mlango. Gurrr, pu! Wakawasha kienge cha nyasi kavu, wakampa. Bibi akabisha hodi, na wale wawili wakaingia, wameinama.

Mzee Machano akamulika kulia. Mifupa. Akamulika kushoto. Mifupa. Akamulika nyuma. Mifupa, mifupa, mifupa, imepangwa kwa usafi, miguu na miguu, mikono na mikono, mafuvu yamekaa pamoja ukutani kama vyungu jikoni. Kulia hakukuwa na ukoo, wala kushoto.

"Bibi, ukoo wangu uko wapi?"

"Huo hapo."

"Na wa kina Kitundu?"

"Hapo hapo."

"Mama yangu ni yupi?"

"Mwanangu, nilimlaza mimi, kwa mikono hii. Kisha akaja mwingine, nikamsogeza. Akaja mwingine, nikamsogeza tena. Humu ni padogo na watu ni wengi. Mimi simjui tena. Tafuta wewe uliyenyonya."

Machano akachuchumaa. Akashika fuvu moja, akalitazama, akalirudisha. Akashika jingine, akalirudisha. La tatu lilikuwa dogo, labda la mwanamke, labda la kijana.

"Mama," akaita.

Mnacheka? Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anamwita mama yake gizani. Msicheke, yatawafika.

Hakuna aliyeitika. Mzee Machano akakaa chini kwenye vumbi, akalia kama siku ile aliyofiwa.

"Nimempoteza, Bibi."

"Hujampoteza, yumo humu humu. Ila huwezi tena kumpenda yeye peke yake. Itakubidi uwapende wote."

Alikaa mle kitambo, mpaka kienge kikaanza kufifia. Kisha akatoka, masizi usoni, machozi yamechora njia kwenye masizi. Watu wakampisha. Akamwendea Mwanatabu, akapiga magoti mbele yake, yeye mkuu wa kijiji, akanyoosha mikono.

"Nipe nimbebe mimi," akasema.

Mwanatabu akamtazama sana. Kisha akampa.

Wakaingia watatu, pamoja na mtoto. "Hodi, wazee wangu," akasema Bibi Masika. "Huyu ni mdogo, hahitaji nafasi kubwa. Jisogezeni." Akasogeza hawa, akasogeza wale, akapata nafasi pale katikati. Mzee Machano akamlaza mtoto.

Mwanatabu hakuondoka.

"Bibi," akasema, "Tunu hakuwa akilala mpaka apakatwe."

Bibi Masika hakumcheka. Hakumwambia wafu hawajui hayo. Alipiga magoti, na magoti yake yalikuwa yakimuuma, akachukua mfupa mrefu wa mkono, akauweka huku. Akachukua mwingine, akauweka huku. Akaizungusha ile mikono kwenye ngozi ya mbuzi aliyoviringishwa mtoto, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Haya. Amepakatwa."

"Na nani, Bibi?"

"Sijui, mwanangu. Na mama wa mtu."

Mzee Machano alisikia. Aliinama, akaivuta ile ngozi kidogo, ikamfunika mtoto vizuri mabegani.

Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena habari za kulia na kushoto. Na Bibi Masika siku zake zilipofika, aliyembishia hodi mle ndani alikuwa Mwanatabu. Mkitaka kujua mifupa yake ni ipi, mimi sijui, wala Mwanatabu baada ya miaka hakujua.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu: ukimpa mgeni jembe, umempa na kaburi. Waliolima pamoja na wazikane.

Hadithi yangu naitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aende nayo kwao.