Bakuli la Maji na Mayai ya Buabua

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ndege. Ndege gani? Buabua weupe wa pwani. Wana nini? Wana mayai. Basi sogeeni motoni, maana ugomvi umeshaanza.

“Bakuli liko wapi, Faki?”

“Bakuli gani tena, mke wangu? Mikono ilijaa vikapu!”

“Nimekuuliza bakuli!”

“Nimelisahau.”

“Vikapu viwili hukuvisahau!”

Hapo zamani za kale, huyo alikuwa Mize, akigombana na mumewe jikoni. Desturi ya kwao ilikuwa hivi: maji ya bahari yakitoka, unavuka kwa miguu hadi kisiwa kidogo cha buabua, na mkononi una bakuli la maji ya kisima. Yai likizama ni bichi, lichukue. Likielea mna mtoto, liache. Faki aliokota yote bila kupima. Mize alipopasua la kwanza, ndani akakuta kifaranga.

Akajaza bakuli, akayapima yaliyobaki. Karibu yote yakaelea. Akayafunga kwa sufi, akayalaza karibu na jivu la moto.

Kulipokucha, buabua walikuwa wamehama. Nao ndio waliokuwa wakionyesha dagaa waliko. Watu wakatupa nyavu huku, hakuna. Huku, hakuna. Huku, mwani mtupu. Subira, mtoto wa Mize, akanywa uji wa chumvi, akalia hadi akachoka.

Mize akashuka pwani, akaita: “Buabua, buabua, rudini kwenu!”

Buabua mkongwe akajibu kutoka mwambani: “Turudi kwa nani?”

“Nitawapa mtama.”

“Hatuli mtama.”

“Nitamfokea mume wangu.”

“Umeshamfokea. Tumesikia hadi huku.”

“Nina watoto wenu ndani ya sufi. Bado wana joto.”

Buabua akaruka, akatua karibu na miguu yake. Kisha akasema, “Warudishwe. Na awarudishe aliyewachukua.”

Faki kuambiwa hivyo nyumbani, akaingia uvunguni. Mize akamvuta mguu, akamtoa, akamtwika kikapu cha mayai. Wakavuka pamoja. Faki akarudisha yai hili kiotani, na hili, na hili, huku buabua mkongwe akimdonoa utosini. Lililokuwa la mwisho likalia mkononi mwake: pii, pii, pii! Faki akacheka na machozi yakamtoka.

Jioni ile kisiwa kikawa cheupe tena.

Tangu hapo, kwao bakuli hutangulia kikapu, kwa sababu anayechukua bila kupima huchukua na cha kesho. Ngano yangu naiweka chini. Aliyesinzia akaulize ndege. Neno la mwisho si langu, ni la buabua mkongwe, aliyekuja asubuhi akasimama mlangoni kwa Mize:

“Hodi wenyewe! Dagaa wamejaa nyuma ya mwamba. Njooni, lakini bakuli alibebe Faki.”